Ruhusa ya kwenda hospitali itolewe kabla ya uchungu

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tuzungumzie jambo ambalo ni nadra kusikika juu ya mimbari, ingawa linaingia katika kila nyumba yetu. Nalo ni muda unaopita baina ya dakika ile mama mjamzito anapopatwa na hatari na dakika ile anapofika mikononi mwa mtu mwenye ujuzi wa kumwokoa. Katika familia zetu nyingi, sehemu kubwa ya muda huo hupotea kwa kusubiri ruhusa. Mume yuko dago na wavuvi wenzake, simu yake haipatikani. Baba mkwe hajarejea kutoka shamba. Mama mkwe anasema kwamba kila mwanamke huzaa kwa taabu, na kwamba yeye mwenyewe alikaa na uchungu siku mbili na hakufa. Wakati maneno hayo yanasemwa, damu inatoka.

Makala haya yanakusudia kusema jambo moja. Ruhusa ya kwenda hospitali itolewe mapema, kabla uchungu haujaanza, na itolewe ikiwa kamili, pamoja na nauli yake na watu wake wa kuchangia damu. Uislamu haukumpa mwanamume usimamizi wa nyumba ili mkewe afe akimsubiri.

Tuanze na maelezo ya wataalamu. Mwaka 1994 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walichapisha uchambuzi ambao mpaka leo unatumiwa na wizara za afya duniani kote. Walisema kwamba mama mwenye matatizo makubwa ya uzazi hucheleweshwa mara tatu. Mara ya kwanza ni nyumbani, pale familia inapochelewa kutambua hatari na kuamua kutoka. Mara ya pili ni njiani, kwa sababu ya umbali, ubovu wa barabara na ukosefu wa chombo. Mara ya tatu ni ndani ya hospitali yenyewe, pale mgonjwa anapofika na kukuta hakuna damu, hakuna dawa au hakuna wa kumfanyia upasuaji. Ucheleweshaji wa pili na wa tatu unahitaji serikali, fedha na wataalamu. Ule wa kwanza uko mikononi mwetu sisi wenyewe, tuliokaa barazani.

Ucheleweshaji huo una hesabu yake. Kwa makadirio ya wataalamu wa uzazi, mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki katika muda wa saa 2 hivi iwapo hakupata tiba. Anayetokwa na damu kabla ya kujifungua huwa na takriban saa 12. Aliyepasuka mfuko wa uzazi ana kama siku moja, mwenye kifafa cha mimba kama siku mbili, na ambaye mtoto amekwama njiani kama siku tatu. Hayo ni makadirio ya wastani, na wengine hufariki mapema zaidi. Sasa pima mwenyewe, ndugu msomaji. Ikiwa safari ya kutoka kijijini hadi hospitali ni saa moja na nusu, na saa 2 ndizo alizonazo mama huyu, ni dakika ngapi zinazobaki za kumtafuta mume kwa simu?

Shirika la Afya Duniani na washirika wake walikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walifariki duniani kwa sababu zinazohusiana na ujauzito na uzazi, yaani zaidi ya 700 kila siku, na kwamba takriban asilimia 70 kati yao walikuwa katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa hali ya afya wa mwaka 2015/16 ulionesha vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukaonesha vifo 104. Hata kama makadirio ya mashirika ya kimataifa yako juu kuliko hapo, kupungua huko ni neema ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, na ni ushahidi kwamba vifo hivi vinazuilika. Neno "vinazuilika" ndilo linalotutia katika masuala. Msiba usiozuilika tunaukabili kwa subira. Msiba uliozuilika na sisi hatukuuzuia tutaulizwa juu yake.

Hebu sasa tuitazame hiyo ruhusa kwa jicho la Sharia. Ni kweli kwamba wanachuoni wa fiqhi wamezungumzia mke kutoka nyumbani kwa idhini ya mumewe, na wengi wetu tumelishika hilo vizuri sana. Ambacho wengi hatukukishika ni kwamba wanachuoni hao hao waliweka mipaka. Katika vitabu vya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu, imetajwa kwamba mke hahesabiwi kuwa ameasi anapotoka bila ya idhini kwa sababu ya dharura, na miongoni mwa mifano waliyoitoa ni nyumba inayokaribia kuanguka. Hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba mwanamke akae chini ya dari inayomomonyoka mpaka mumewe arudi sokoni. Basi mwili wa mama anayetokwa na damu ni nyumba inayoanguka, na ndani yake mna roho mbili.

Isitoshe, fiqhi imesimama juu ya msingi unaojulikana na kila mwanafunzi wa madrasa, kwamba madhara sharti yaondolewe, na msingi mwingine kwamba dharura huhalalisha lililokuwa limezuiwa. Katika Surat al-Maida, aya ya 32, Mwenyezi Mungu anampandisha daraja mwenye kuokoa uhai wa mtu mmoja hadi kumfananisha na aliyewaokoa watu wote. Katika Surat al-Baqara, aya ya 233, wazazi wawili wameelekezwa washauriane na waridhiane hata katika kumwachisha mtoto ziwa. Ikiwa kuachisha ziwa kunastahiki mashauriano ya mume na mke, vipi kuhusu siku ile ambayo mama na mtoto wote wawili wako baina ya uhai na mauti? Na katika Surat at-Talaq, aya ya 6, mwanamume ameamrishwa amgharimie hata mke aliyemtaliki, iwapo ana mimba, mpaka ajifungue. Huyo ni mtalaka. Aliyeko ndani ya nyumba yako anakudai zaidi.

Mfano bora wa mume katika jambo hili ni Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.). Mwaka wa 2 Hijria Waislamu walitoka kwenda Badr, vita vya kwanza vikubwa katika historia ya dini hii. Mkewe Uthman, Bibi Ruqayya (R.A.), binti wa Mtume (S.A.W.), alikuwa mgonjwa. Mtume (S.A.W.) alimwagiza Uthman abaki Madina amuuguze mkewe, na vita vilipokwisha akamhesabia ujira na fungu lake la ngawira kama mmoja wa waliopigana. Bibi Ruqayya alifariki, na habari za ushindi zilifika Madina wakati anazikwa. Lakini mumewe alikuwepo. Tuulizane sisi wanaume wa leo: ikiwa Badr haikuwa udhuru wa kumwacha mke mgonjwa, ni biashara gani, ni msimu gani wa korosho, ni safari gani iliyo kubwa kuliko Badr?

Na mfano wa kiongozi ni Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.). Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia kwamba usiku mmoja, akiwa khalifa, alipita pembezoni mwa Madina akakuta hema, na nje yake ameketi mwanamume mgeni ambaye mkewe alikuwa ndani na uchungu, peke yake, bila ya mkunga. Umar hakumwambia yule bwana avute subira. Alirudi nyumbani kwake upesi, akamwamsha mkewe, Bibi Ummu Kulthum binti Ali (R.A.), wakachukua mahitaji ya mzazi pamoja na chakula, yeye Amirul Muuminina akabeba mzigo mwenyewe. Bibi akaingia hemani kumzalisha mwenziwe, na khalifa akabaki nje anapuliza moto na kupika. Hapo mna mambo matatu yanayotafutwa na wataalamu wa leo: uamuzi uliofanywa papo hapo, mjuzi wa kuzalisha aliyeletwa bila kukawia, na gharama iliyobebwa na mwenye uwezo.

Inafaa sasa tuyazungumze, kwa upole lakini bila kuficha, maneno tunayoyatumia kujifariji baada ya msiba. La kwanza ni kusema kwamba marehemu amekufa shahidi. Hilo ni kweli. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba mwanamke anayekufa kwa sababu ya uzazi yumo miongoni mwa mashahidi, na hiyo ni rehema kubwa kwa marehemu na kitulizo kwa waliofiwa. Lakini tuisome Hadithi hiyo mpaka mwisho. Ndani yake ametajwa pia aliyezama majini, aliyeungua kwa moto na aliyeangukiwa na jengo. Meli ya MV Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi mwezi wa Septemba mwaka 2011, watu wenye vyombo waliingia baharini kuwatoa waliokuwa wanaelea, na hakuna hata Muislamu mmoja aliyesema waachwe kwa kuwa anayezama ni shahidi. Nyumba ikishika moto tunakimbia na ndoo. Basi kwa nini huyu mmoja tu, mama mzazi, ndiye ambaye ushahidi wake tunautaja mapema kuliko tunavyolitafuta gari? Daraja ya shahidi ni ya aliyekufa. Haimsafishi aliyemchelewesha.

La pili ni kusema kwamba ilikuwa kadari. Naam, hakuna roho inayotoka ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Lakini tukumbuke kisa cha Sayyidna Umar alipokuwa akielekea Sham akapata habari kwamba huko kumeingia tauni. Aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kwa maana ya kwamba wanaitoka kadari moja ya Mwenyezi Mungu na kuingia katika kadari Yake nyingine. Ugonjwa ni kadari, na hospitali nayo ni kadari. Gari ni kadari, na damu ya ndugu aliyejitolea kuchangia ni kadari. Anayechagua kukaa hajaiachia kadari kazi yake. Ameichagua mojawapo na kuiacha nyingine.

La tatu ni majini na mashetani. Mama mjamzito anaumwa kichwa kwa siku kadhaa, anaona maruweruwe, uso na mikono vimevimba, kisha ghafla anakakamaa, anatikisika na kupoteza fahamu. Mara nyingi atakayeitwa kwanza ni mganga, kwa kuwa inasemekana amepandwa. Ndugu zangu, hicho ni kifafa cha mimba, ugonjwa unaoendana na kupanda kwa shinikizo la damu la mjamzito, na dawa yake inajulikana. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, ulioshirikisha wanawake wa nchi nyingi, ulithibitisha kwamba sindano ya magnesiamu salfeti hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya mama mwenye dalili za awali kuingia katika degedege hilo. Hatumzuii mtu kusoma dua wala aya za kinga. Na zisomwe, lakini zisomwe ndani ya gari linalokwenda. Kombe lisiwe sababu ya kuchelewa, wala asinyweshwe chochote mama aliyepoteza fahamu, kwa maana kinaweza kumpalia na kumziba pumzi. Vivyo hivyo tujihadhari na dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, ambazo hakuna ajuaye kipimo chake na ambazo zinaweza kuulazimisha mfuko wa uzazi mpaka ukapasuka.

La nne ni stara. Wapo waume wanaokataa mke asihudumiwe na daktari mwanamume. Kutaka daktari mwanamke ni jambo jema, na ndiyo sababu inatupasa tuwasomeshe binti zetu udaktari na ukunga badala ya kulalamika kwamba hawapo. Lakini asipopatikana, dharura ina hukumu yake, na wanachuoni wameruhusu tabibu mwanamume atazame na aguse kwa kiasi cha haja. Bibi Rubayyi binti Muawwidh (R.A.) ameeleza jinsi wanawake wa zama za Mtume (S.A.W.) walivyokuwa wakitoka pamoja naye vitani, wakiwanywesha watu maji, wakiwauguza majeruhi na kuwarudisha Madina. Stara ya kweli ni kumfunika mama nguo njema na kumpeleka. Kumwacha afe ili asionekane si stara.

La tano ni hofu ya upasuaji. Wako wanaoona kwamba mwanamke aliyezalishwa kwa kisu amepungukiwa, na wako wanaoitoroka hospitali pindi wakisikia neno hilo. Ajabu ni kwamba wanachuoni wetu walilijadili jambo la kupasua tumbo karne nyingi kabla ya vyumba vya upasuaji vya leo. Katika madhehebu ya Shafi na ya Hanafi waliruhusu kupasuliwa tumbo la mama aliyekwisha kufariki iwapo mtoto aliye ndani anatarajiwa kuishi. Ikiwa waliruhusu kumpasua maiti, pamoja na heshima yote ya maiti katika dini yetu, kwa ajili ya kuokoa roho moja, itakuwaje kumpasua aliye hai, kwa ganzi na kwa mikono ya wajuzi, ili ziokoke roho mbili? Na ijulikane pia kwamba uchungu uliokwama, hata kama haukuua, huweza kumwachia mama fistula, akawa anavuja mkojo au choo bila ya kujizuia, udhu wake ukawa wa shida, na mara nyingi mume yule yule aliyechelewesha ruhusa ndiye anayemkimbia. Aliye na maradhi hayo asijifiche. Yanatibika, na hapa nchini Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imeyatibu kwa miaka mingi.

Baada ya maelezo hayo, tuseme la kufanya. Waislamu tunaijua wakala. Baba akiwa mbali humwakilisha mtu amwozeshe bintiye, na nikaha ikasihi. Basi kila mume ambaye mkewe ni mjamzito, mimba ikifika mwezi wa saba, na akae naye pamoja na wazazi, atamke mbele yao wote: "Ukipatwa na dalili yoyote ya hatari, nimekuruhusu uende, niwepo au nisiwepo, na fulani ni wakala wangu katika kuamua na kutoa fedha." Maneno hayo hayachukui dakika mbili kuyatamka. Mama akishayasikia, na mama mkwe akawa shahidi wake, ule ucheleweshaji wa kwanza umeondoka nyumbani humo kabla haujafika. Tena itajwe wazi kwamba ruhusa hiyo inahusu upasuaji pia, kwa sababu wapo kina mama waliofika hospitali kwa wakati, kisha wakakaa kitandani wakingoja mume aje aseme ndiyo. Kwa maadili ya udaktari, mgonjwa mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayeridhia tiba ya mwili wake.

Dalili zenyewe zijulikane na kila mtu wa nyumba hiyo, mwanamume kwa mwanamke. Damu kutoka wakati wowote wa mimba. Kichwa kuuma sana na macho kuona giza. Uso na mikono kuvimba. Degedege. Homa kali. Maji kupasuka kabla ya uchungu. Mtoto kuacha kucheza tumboni. Uchungu kupita saa 12. Kondo la nyuma kutotoka baada ya nusu saa. Na baada ya kujifungua, damu inayolowesha nguo moja baada ya nyingine, au uchafu wenye harufu mbaya. Mojawapo ikionekana, hakuna kikao. Ni kuondoka.

Pamoja na ruhusa, iwekwe akiba. Sera ya nchi ni kwamba huduma ya mama mjamzito katika vituo vya umma haitozwi, lakini nani asiyejua kwamba nauli, chakula cha anayemuuguza na vifaa vinavyokosekana hulipiwa na familia? Kiasi kidogo kikiwekwa kila wiki tangu mwezi wa tatu wa mimba kinatosha kumtoa mtu usiku. Ijulikane pia ni dereva gani wa bajaji au gari atakayeamshwa, na kwa wenzetu wa visiwa vya delta ya Rufiji, ambako safari hufuata kujaa na kupwa kwa maji, ijulikane ni nahodha gani. Wakazi wengi wa Tanzania sasa wanaweza pia kupiga namba 115 bila malipo, namba ya mfumo wa m-mama uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mfumo huo hutuma gari la wagonjwa, na lisipokuwepo humtuma dereva wa kijamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo wenyewe. Namba hiyo iandikwe ukutani, mahali anapoweza kuiona hata mtoto.

Hapa ndipo unapokuja wajibu wa misikiti. Ndugu Waislamu, tutazameni namna tunavyozika. Mtu akifa alfajiri, adhuhuri amekwisha kuzikwa. Sanda imepatikana, gari limepatikana, vijana wa kuchimba wamepatikana, chakula cha wageni kimepikwa, na hakuna aliyeulizwa ruhusa. Uwezo wa kujipanga kwa saa chache tunao, na hakuna jamii inayotushinda. Lakini tunauonesha baada ya mtu kufa. Karibu kila msikiti una jeneza lake. Misikiti mingapi ina machela? Mfuko wa dharura ya uzazi, ukipewa japo sehemu ndogo ya michango yetu ya harusi na maulidi, ni sadaka inayoonekana matunda yake. Orodha ya vijana wa mtaa na makundi yao ya damu, ikiwa mikononi mwa imamu au katibu, ni hazina. Na damu haiwekwi milele. Inayohifadhiwa nzima katika chupa za kawaida hudumu siku 35 hivi, kwa hiyo kuchangia mara moja kwa ajili ya picha hakutoshi. Maimamu wakiwaalika watu wa mpango wa damu salama baada ya Sala ya Ijumaa, mara kadhaa kwa mwaka, watakuwa wametoa khutba nyingine bila ya kupanda mimbari.

Bibi zetu, makungwi, masomo na wakunga wa jadi, nanyi mna heshima yenu, na neno lenu lina uzito kuliko la daktari ndani ya nyumba hizi. Mwambieni mwari katika mafunzo yake kwamba kunyamaza na maumivu si ushujaa. Anayemsindikiza mzazi hospitali hajashindwa kazi yake, ameitimiza.

Wala hatusemi kwamba lawama yote ni ya familia. Viongozi nao wana amana. Tangu mwaka 2017 serikali imejenga na kukarabati vituo vingi vya afya ili viweze kufanya upasuaji wa dharura, na hilo linastahiki shukrani. Lakini jengo bila ya mtaalamu wa ganzi, bila ya damu na bila ya umeme wa uhakika ni jengo tu. Na elimu haikosekani. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Wakunga walipotumia mfuko wenye alama za vipimo kukinga na kupima damu inayomtoka mzazi, na kutoa tiba zote kwa pamoja pindi damu ikizidi, madhara makubwa ya kutokwa na damu yalipungua kwa asilimia 60. Mfuko si kifaa cha ajabu. Ni wajibu wetu kuwauliza madiwani na wabunge wetu kama zahanati na vituo vyetu vina vifaa vya namna hiyo. Na muuguzi anayemtukana mama mwenye uchungu ajue kwamba habari za ukali wake hutangulia kijijini, na mwaka unaofuata mama mwingine atachelewa kutoka kwa kumwogopa yeye.

Tumalizie kwa kumkumbuka Bibi Maryam (A.S.). Surat Maryam inatueleza kwamba uchungu ulipomshika aliukimbilia mtende, na maumivu yakamfikisha mahali pa kutamani kwamba angekuwa amekwisha kufa. Mwenyezi Mungu hakumwacha na tamko la subira peke yake. Alimliwaza, akampa maji chini yake na tende mbivu juu yake, palepale alipokuwa, wakati ule ule alipohitaji. Ndivyo Mola anavyomtazama mwanamke mwenye uchungu. Basi leo, ukitoka msikitini na mkeo au binti yako ni mjamzito, usilale kabla hujatamka ile ruhusa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu mama zetu waliotutangulia kwa sababu ya uzazi, awalee mayatima waliowaacha, awape kina mama wajawazito afya na wepesi, na atujaalie sisi waume na wazazi tuwe wepesi wa kuamua kabla ya kuchelewa. Amin.

Wabillahi tawfiq.